Mashine inakosea, anayekatwa ni mlebo: haya malipo ya "kukagua tu" ni wizi

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wote mnaofanya kazi ya kulebo picha mtandaoni njooni tuongee, maana tukiendelea kunyamaza tutanyonywa mpaka basi.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kampuni za nje zinatengeneza mifumo ya kutambua vitu kwenye picha, na mfumo haujui kitu mpaka mtu auoneshe. Watu hao ni sisi. Unafungua picha, unachora boksi kuzunguka kila gari, kila pikipiki, kila mtembea kwa miguu, unachagua lebo, unakwenda picha inayofuata. Zamani ulianza na picha tupu na ukalipwa kwa kila boksi. Siku hizi picha inakuja modeli (yaani huo mfumo wenyewe) imeshachora, wewe unarekebisha. Hapo sina ugomvi. Modeli ikiwa nzuri, kazi inakwenda haraka na mkono unapumzika. Ugomvi wangu ni pesa, na namna wanavyopima ubora.

Kampuni ninayoifanyia ilitushushia tangazo kwamba kwa kuwa mashine inafanya sehemu kubwa ya kazi, boksi "lililokaguliwa" litalipwa theluthi ya bei ya zamani. Sasa sikilizeni. Boksi la mashine ukiligusa, hata ukilivuta pembe zote nne ukalipeleka kwenye kitu kingine kabisa, linahesabika kuwa limekaguliwa. Ukikuta boksi la uongo ukalifuta, hulipwi hata senti, kwa sababu boksi halipo tena. Yaani kosa ni la mashine, jicho lililoliona ni langu, malipo hakuna.

Na makosa yenyewe si ya kubahatisha. Chukueni picha moja ya makutano, ya aina tunayopewa kila zamu. Mbele kuna bajaji mbili zimebanana, modeli imezifunika na boksi moja na kuandika "gari". Pembeni bodaboda imebeba abiria aliyeshika godoro, modeli inasema ni lori. Nyuma kuna duka la mitumba lenye sanamu za kuvalishia nguo zilizopangwa nje, kila sanamu imepewa boksi la mtembea kwa miguu. Daladala ina picha ya mchezaji mpira ubavuni, naye amehesabiwa mtu. Mimi natakiwa kufuta yote hayo, kutenganisha bajaji, kumtoa dereva wa bodaboda kwenye boksi la pikipiki yake kwa sababu mwongozo unataka kila mmoja awe na lebo yake, kisha kuwatafuta wale ambao modeli haikuwaona kabisa: mama aliyekaa chini ya mwavuli na beseni lake, mtoto nusu yake imefichwa na mkokoteni. Kila nikivuta picha karibu, bando langu ndilo linaliwa. Picha hiyo ingekuja tupu ningeimaliza mapema zaidi.

Sababu inajulikana. Lebo zinazoletwa na modeli yetu ni zile za COCO, seti ya picha iliyotoka 2014. Ina aina 80 za vitu. Ndani yake kuna skii, kuna ubao wa kutelezea kwenye theluji, kuna frisbii. Bajaji haimo. Mkokoteni haumo. Mtu akishindwa kutambua kitu ambacho hajawahi kuoneshwa hatumlaumu, lakini hatumlipi yeye na kumkata anayemsahihisha! Na msiambiwe haiwezekani. Seti ya barabara za India iliyokusanywa Hyderabad na Bengaluru imeipa bajaji aina yake peke yake, kwa sababu waliikuta barabarani na wakaiheshimu.

Tukilalamika, tunatajiwa utafiti wa Meta wa 2023, ule wa modeli ya kukata maumbo kwenye picha, kwamba kadiri mashine inayomsaidia mtu ilivyoboreshwa, muda wa kuchora umbo moja ulishuka kutoka sekunde 34 hadi 14. Ni kweli uliandikwa hivyo. Ila nendeni mkasome hatua iliyofuata, ambayo wenyewe wanaiita ya nusu otomatiki. Mashine ilichukua vitu vyepesi, watu wakaachiwa vilivyobaki, na muda wa mtu kwa kila umbo ukarudi sekunde 34. Kwa nini? Kwa sababu vilivyobaki ndivyo vigumu. Ndiyo hali yetu hasa. Mabosi wanachukua sekunde 14 kupanga bei na wanatuachia kazi ya sekunde 34.

Lakini kinachoniuma kuliko pesa ni alama ya ubora. Wanaipata kwa kupima boksi lako linalingana kiasi gani na lile la modeli. Ukisahihisha sana, mfumo unakuandikia "tofauti kubwa", picha inarudishwa, alama inashuka, na ikishuka vya kutosha akaunti inafungiwa. Anayebofya Kubali, Kubali, Kubali kutwa nzima bila kuangalia ana alama nzuri kuliko wote. Nimeona watu makini, wenye macho ya kuona kioo cha pikipiki nyuma ya nguzo, wakiondolewa kwenye mradi kwa sababu hiyo. Kisha data hiyohiyo inarudi kuifundisha modeli ileile, na sanamu za mitumba zinaendelea kuwa watu.

Mwaka 2021 watafiti walipekua seti kumi maarufu za kupimia modeli wakakuta wastani wa makosa ya lebo usiopungua asilimia 3.3, na kwenye picha za kupimia za ImageNet, hazina kubwa ya picha zenye lebo, si chini ya asilimia 6. Hizo ni seti ambazo dunia nzima imezitegemea. Hizi zetu, zinazokaguliwa na mtu anayeadhibiwa kwa kusahihisha, zitakuwaje? Na zinakwenda kwenye magari yanayotumia mifumo hii kuona barabara, wakuu. Mama wa beseni akikosa boksi, si alama ya mtu itakayoumia.

Tunachotaka kinafahamika. Kazi ya kusahihisha ilipwe kwa saa, na kufuta boksi la uongo kuhesabike kuwa kazi. Sehemu ya picha ziletwe tupu, walebo wawili wazichore bila kuoneana, na alama ipimwe kwa hizo, modeli ikae pembeni. Aliyefungiwa akaunti apewe picha zilizomponza ajitetee.

Barua ya pamoja tunaiandika wiki hii. Mlio kwenye miradi ya aina hii, semeni hapa: boksi lililofutwa kwenu linalipwa? Alama yenu inapimwa na nini? Wenye picha za skrini za "tofauti kubwa" zitunzeni, fichani majina, mje inbox.