AT89S52: nikihifadhi joto 90H rilei zinacheza zenyewe, msaada wakuu

Fundi_Bombo: Wakuu, habari za jioni. Niko Bombo, natengeneza kiangulio cha trei mbili za mayai. Natumia AT89S52, chipu ndogo ya kudhibiti vifaa, naandika kwa asembli (lugha ya maagizo ya chipu yenyewe). Taa ya joto iko pini P1.0, feni pini P1.1 (zote za poti P1), rilei zake (swichi za umeme) zinawaka kwa 1. Chini ya nyuzi 38 taa iwake, kuanzia 38 izime na feni ianze. Vipimo vya joto vimejaza RAM (kumbukumbu ya chipu) yote kutoka anwani 30H hadi 7FH (H ni namba za msingi wa 16), basi kipimo cha mwisho, kilicho ndani ya A, nikakiweka 90H hivi:

MOV 90H, A

Balaa likaanzia hapo. Kwa 37 taa inawaka, kwa 38 feni inazunguka, nikashangilia. Ilipofika 39 vyote viwili vikawaka! Leo alfajiri, baridi, 36: rilei ikalia tak-tak, taa ikazima. Nimeshabadilisha rilei na pawa saplai. Mama mwenye mayai ananipigia kila saa.

KukuTamu: Nunua bodi ya Arduino upumzike.

Mzee_wa_Biti: Hajauliza hilo. Fundi, rilei ulizitoa bure. Andika 36, 37, 38, 39 kwa namba za mbili, utazame biti mbili za mwisho: 00, 01, 10, 11. Ya mwisho kabisa ni taa yako, inayoitangulia ni feni. Joto lenyewe ndilo linalowasha na kuzima! Programu yako inaamua vizuri, halafu mstari huo unaharibu.

Kwenye chipu hiyo, 80H hadi FFH ni nyumba mbili zenye namba moja. Ukitaja anwani moja kwa moja unaingia kwa rejista maalumu, na 90H ni P1, yaani pini zako za taa na feni. RAM ya juu, baiti 128, haifikiki ila kwa pointa, yaani rejista iliyobeba anwani:

MOV R0, #90H
MOV @R0, A

Nalubaale: Na pointa ni R0 au R1 tu, ukiweka R2 asembla inakataa. Halafu soma maandishi mgongoni mwa chipu. Kama ni AT89S51, RAM inaishia 7FH, utahangaika bure.

Fundi_Bombo: Ni S52, nimemulika kwa tochi ya simu. Rilei zimetulia, webale ssebo (asante bwana)! Ila nikikisoma kipimo, taa ikibadilika tu napata takataka.

Mzee_wa_Biti: Tuonyeshe unavyosoma.

Fundi_Bombo:
MOV R0, 90H
MOV A, @R0

Mzee_wa_Biti: # iko wapi? Hapo R0 haipewi namba 90H, inapewa kilichosomwa kwenye pini za P1. Taa ikibadilika, pointa nayo inahama.

Nalubaale: Hiyo alama imetukesha wengi.

Fundi_Bombo: Loo! Nimeiweka, kipimo kinarudi kama nilivyokiacha. Naiacha ifanye kazi usiku kucha bila mayai, nikiona 36 taa imewaka ndipo nimwite mama alete trei zake.