Krismasi Moshi na watoto waliozaliwa huku: nibebe nini, tulale wapi?

Kutoka: Baba Wawili, Stuttgart

Habari za baridi, ndugu zangu. Desemba hii nawapeleka watoto Marangu kwa mara ya kwanza, mmoja ana miaka 9, mwingine 12. Mama watoto anataka tulale hotelini Moshi mjini, tupande mlimani mchana wa sikukuu, jioni turudi. Mama yangu nimemweleza, tangu siku hiyo hajibu meseji. Halafu viza za watoto zikoje? Na naweza kurudi na nyama kidogo ya kuonja? Naombeni uzoefu.

Kutoka: Muuguzi, Bremen

Kama wana pasi za Kijerumani, waombee viza mtandaoni mapema, dola 50 kila mmoja. Mkipitia Addis Ababa au Nairobi, muwe na kadi za homa ya manjano kabisa. Nyama sahau, Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa kutoka nje kwenye mizigo ya abiria. Kahawa iliyokaangwa leta, na mimi unikumbuke.

Shukeni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, msipitie Dar. Mwaka juzi nilipitia Dar tarehe 22, kiti nilichokilipia nikakuta kimeuzwa kwa mtu mwingine. Nimekalia ndoo mpaka Korogwe, mtu mzima na heshima zangu. Treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019, lakini ulizia kwanza kama wiki hiyo inatembea.

Kutoka: Mwandishi wa riwaya, Leipzig

Kaka wa Stuttgart, mama amekwisha kukujibu. Laleni nyumbani.

Mchana wa tarehe 25 ni wa nguo mpya na picha, huo hata mkiukosa si neno. Mtakachokikosa mkilala mjini ni alfajiri, tarumbeta za kanisani zinapoanza kulia na ukungu bado umelalia migomba, na jikoni bibi yuko na mbege. Zile ndizi mbivu zimechemshwa siku kadhaa nyuma, zikaachwa zichachuke, sasa zinakamuliwa na kuchanganywa na uji wa mso, ule ulezi uliooteshwa. Nyumba nzima inanukia utamu wenye uchachu. Nimejaribu kuiandika harufu hiyo katika riwaya mbili, na zote mbili imenishinda.

Si harufu tu. Kwenye riwaya yangu ya mwisho nilimchinja mbuzi usiku wa mkesha. Kaka yangu akanipigia kutoka Kiboroloni: "Wewe, mbuzi gani huyo? Sisi tulichinja asubuhi ya 26, shangazi walipokuja!" Kweli kabisa. Mhariri alitaka mambo yote yaishie usiku mmoja, na mimi nikakubali mpaka nikaamini. Tarehe 25 tulikula machalari, zile ndizi za nyama, na wali. Mbuzi ni kesho yake: babu amesimama na kisu, kila kiungo kina mwenyewe, kidari ni cha babu, sisi watoto tunasubiri vipande vya maini, na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinazunguka kikombe kimoja.

Mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi hivi, shangazi yangu na baba walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Asubuhi hiyo ya 26 shangazi aliingia uani ameshika jani la sale, lile ambalo kwetu Wachaga ni la kuomba msamaha. Hakusema kitu. Baba akalipokea, akamwambia mama aongeze kiti. Baadaye nilikwenda kuangalia ule mpaka wenyewe, na mpaka ulikuwa safu ya masale. Hiyo sikuiandika popote, kaka yangu ataikuta hapa.

Wanao wakiwa hotelini watasimuliwa tu.

Sasa ya mizigo. Mabuti ya mvua, maana vichochoro vya migombani ni tope tupu mvua ikinyesha. Tochi na sweta. Chokoleti msijaze begi. Sukari, mchele na blanketi la bibi nunueni soko la Mbuyuni kabla ya kuelekea njia panda ya Himo. Na habari ya choo cha nje waambieni watoto huku huku, msingoje usiku wa kwanza.

Mimi mwaka huu sipandi. Hapa Leipzig Desemba wanapiga tarumbeta uwanjani, nyimbo zile zile. Wamisionari wao walifika Kilimanjaro mwaka 1893, lakini nikisimama pale na baridi yangu naona wao ndio wanaotuiga sisi.

Kutoka: Mama wa Kibosho, Rotterdam

Kwa tunaobaki: jamani mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, msiupikie ndizi mzuzu! Zina utamu, mtori unakuwa kama uji wa mgonjwa. Nendeni maduka ya Waafrika, ulizeni ndizi mbichi za Uganda. Si mshare, zile ndizi zetu za mtori, lakini zinalainika. Nyama ya mfupa, na chemsha taratibu. Mbege nilijaribu mara moja kwenye ghorofa, jirani akaita mafundi wa mabomba.

Kutoka: Baba Wawili, Stuttgart

Aika sana, dada wa Leipzig, na wote. Mama watoto amesoma barua yako mara mbili, amefuta hoteli. Tunashuka KIA tarehe 20. Mama yangu amejibu, neno moja tu: "Blanketi." Mwenye mabuti ya mtoto namba 34 yasiyotumika naomba tuwasiliane.

Mdogo ameuliza kisusio ni nini. Nimemwambia ni supu.