Hisa za ExxonMobil: ni mara 14 ya faida au mara 20?

NesiWaUsiku, Houston

Hamjambo wenzangu. Mimi mtoto wa Majengo, Mombasa, huu mwaka wa kumi na moja niko Houston, kazi yangu uuguzi, zamu ya usiku. Nimejibana nikaweka kando visenti, sasa nataka kununua hisa za ExxonMobil. Mtaani kwangu nusu ya watu wanakula kwa mafuta, na mimi nimechoka kuwa wa kulipa tu pale kwenye pampu.

Shemeji yangu ananiharakisha. Hesabu yake ni ya mstari mmoja: mwaka 2024 kampuni ilipata faida ya dola 7.84 kwa kila hisa, na hisa ilifunga Desemba hiyo kwenye dola 108 hivi. Gawanya, unapata mara 14 kasoro, yaani unalipa karibu dola 14 kwa kila dola moja ya faida ya mwaka. "Soko zima la Marekani liko juu ya 20," anasema, "hii si kuokota?"

Lakini faida ya kampuni ya mafuta inaruka kama panzi, kwa hiyo nikajaribu njia ya Profesa Robert Shiller wa Yale. Yeye haangalii faida ya mwaka mmoja. Anachukua miaka 10, kila mwaka anaupandisha kwa mfumuko wa bei hadi ufikie dola za leo, anatafuta wastani, kisha bei ya hisa anaigawa kwa wastani huo. Juzi saa tisa za usiku, wodi imetulia, nikageuza karatasi ya zamu nikaanza kuandika nyuma yake. Faida kwa kila hisa, kwa dola za wakati ule:

2015: 3.85
2016: 1.88
2017: 4.63
2018: 4.88
2019: 3.36
2020: hasara 5.25
2021: 5.39
2022: 13.26
2023: 8.89
2024: 7.84

Halafu fahirisi ya bei za walaji, kile kipimo cha mfumuko wa bei cha Marekani. Mwaka 2015 ilikuwa 237.0, mwaka 2024 ni 313.7, basi ile 3.85 inakuwa 5.10 ya 2024. Nikafanya hivyo mwaka kwa mwaka. Wastani: dola 5.48. Sasa 108 gawanya kwa 5.48 ni karibu mara 20.

Shemeji anasema nimeharibu kwa kuingiza 2020, mwaka wa korona, eti hautarudi tena. Kweli nikiutoa, wastani unapanda hadi 6.79 na uwiano unashuka hadi 16. Nishike ipi? Na huo mwaka niutoe?

Hisa_Kidogokidogo, Nairobi

Mimi si wa mahesabu marefu, ila kwa sisi tulio nyumbani tunaosoma hapa: ukiwa Kenya au Tanzania, gawio la hisa za Marekani, yaani ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, linakatwa kodi 30% hukohuko kabla halijakufikia, kwa sababu nchi zetu hazina mkataba wa kodi na wao. Watu wengi hununua hizi kampuni za mafuta kwa ajili ya gawio, kumbe karibu theluthi nzima inaishia njiani. Dada wewe ukaaji wako ni wa huko, haikuhusu. Endeleeni.

DerevaWaTenka, Baytown

Dada, shikamoo kama umenizidi. Kama hujanizidi, marahaba yako sitaidai. Mimi mtu wa Muheza, naendesha tenka, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha hao ExxonMobil hapa Baytown nakipita karibu kila siku. Kwenye foleni ya kupakia mtu hukaa hata saa nzima injini imezimwa, na mahesabu haya nimejifunzia humo humo, kalamu na nyuma ya risiti.

Nimerudia hesabu yako. Iko sawa.

Mwambie shemeji 2020 hautoki. Anadhani hasara ile ililetwa na korona. Kampuni ilipoteza dola bilioni 22.4 mwaka ule, na humo zaidi ya bilioni 19 zilikuwa kushusha thamani ya mali vitabuni, hasa mashamba ya gesi. Mengi yalikuja na XTO, kampuni waliyoinunua mwaka 2010 kwa karibu dola bilioni 41 pamoja na madeni yake, wakiamini gesi ingepanda. Gesi ikaporomoka. Kwa hiyo pesa zilishapotea kitambo, ila kwenye vitabu zikaendelea kukaa kama mali. Ni kama mwenye daladala anayehesabu nauli kila jioni bila kuweka kando hela ya tairi. Siku tairi zote nne zikiisha kwa pamoja, anakuapia kwamba hasara ni ya Jumanne ile.

Ukitaka kunibana, utasema sehemu ya hasara hiyo ni ya miaka ya 2011 hadi 2014, ambayo haimo kwenye kumi yako. Nakubali, umenishika. Lakini basi haki itendeke pande zote: 2022 nao utoke, maana 13.26 ile ni ya vita vya Ukraine na pipa la mafuta kupita dola 100. Nimeitoa yote miwili nikapata wastani wa 5.87 na uwiano wa 18 na kidogo. Umeona? Umezunguka weee ukarudi karibu na palepale ulipoanzia. Ndiyo maana mimi siondoi kitu.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapoweka kalamu chini, na mimi nakuomba usiiweke. Wastani wa faida za kampuni ya mafuta ni wastani wa bei ya pipa umevaa kanzu. Shiller alitengeneza kipimo chake kwa ajili ya soko zima, lenye benki, viwanda, maduka, dawa. Huyu akianguka yule anainuka. ExxonMobil ina roho moja. Ukichukua miaka 10 yenye pipa la bei kubwa, wastani utakuambia kampuni ni tajiri hata kama utajiri wenyewe ulishapita.

Nilijionea mwenyewe. Mwisho wa 2016 hisa ilikuwa dola 90. Faida ya mwaka ule 1.88, kwa hiyo hesabu ya aina ya shemeji ilisema mara 48, kimbia. Nikafanya ya miaka kumi, 2007 hadi 2016: wastani karibu dola 7 za wakati ule, uwiano 13. Nikasema hee, hii ni rahisi, wenzangu hawaoni. Nilikuwa na pesa mkononi, lakini mama aliniambia mvua za masika zinakaribia na nyumba Muheza haijaezekwa. Pesa ikawa bati. Nililalamika sana, nakumbuka, hata simu yake nikaichelewesha siku mbili.

Mwisho wa 2020 hisa ile ilikuwa dola 41. Gawio la miaka minne jumla lilikuwa 13.20, kwa hiyo aliyenunua kwa 90 alikuwa ameshika 54 na ushee. Bati za mama ziko juu mpaka leo.

Nilikosea wapi? Nilipanga bei ya pipa kando ya faida, mwaka kwa mwaka, nikaipandisha kwa fahirisi ileile. Katika kumi ile ya 2007 hadi 2016, pipa la Brent, yale mafuta ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, lilikuwa na wastani wa karibu dola 89 kwa thamani ya 2016. Pipa lenyewe mwaka 2016 lilikuwa 44 hivi. Yaani nilikuwa napima kampuni ya pipa la 44 kwa faida za pipa la 89, halafu nashangaa mbona rahisi.

Na ili nisionekane nimechagua mfano wa kunipendeza: mwisho wa 2020, fanya tena. Bei 41, wastani wa miaka kumi 5.14 kwa dola za 2020, uwiano 8. Na hapo napo pipa la kwenye dirisha, yaani wastani wa ile miaka kumi, lilikuwa karibu mara mbili ya pipa la mwaka ule. Dirisha lilidanganya vilevile. Tofauti ni kwamba kwa mara 8 ulikuwa umelipwa kuvumilia uongo huo, na kwa mara 13 hukulipwa. Aliyenunua siku ile alifika 108 mwisho wa 2024, na gawio juu yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza 14 au 20, ongeza safu moja kwenye karatasi yako: bei ya pipa kila mwaka.

NesiWaUsiku

Kaka, shikamoo naipokea, nina miaka 46. Pole na foleni, na mama umpe salamu zake.

Nimeongeza hiyo safu leo asubuhi kabla sijalala. Brent kutoka 2015 hadi 2024, kwa dola za 2024, napata wastani wa karibu 77. Na mwaka 2024 wenyewe ulikuwa karibu 80. Kwa hiyo safari hii dirisha langu halina pipa la kubuni? Mara 20 ni mara 20 kweli?

DerevaWaTenka

Ndiyo, safari hii dirisha ni safi, na hapo ndipo inapouma. Kama 5.48 ndiyo faida ya mwaka wa kawaida na unalipa 108, unapata senti 5 kwa kila dola unayoweka. Mimi kwa kampuni inayoweza kukuletea 2020 nyingine bila kubisha hodi, nataka zaidi ya hapo. Kwangu mwisho ni mara 15, yaani dola 82. Huo ni uoga wangu, usiuchukue kama kanuni.

MuscatKwaMuda, Muscat

Asalaam alaikum. Nimezaliwa Unguja, nafanya kazi kwenye visima huku Oman mwaka wa kumi na tano, nimewasoma wote wawili nikafurahi. Ila kuna kitu karatasi zenu hazikioni.

Kisima si mkahawa. Mkahawa ukiuza chai leo, kesho birika lipo. Pipa nililolitoa leo halipo tena, na kubaki palepale lazima nichimbe. Visima vile vya kupasua mwamba, kama vya eneo la Permian huko Texas, mafuta yake hupungua kwa kasi mno katika mwaka wa kwanza tu. Kwa hiyo wastani wa miaka kumi si faida ya visima hivihivi. Ni faida ya visima ambavyo vingi vimeshachoka.

Hilo linaweza kumuumiza mnunuzi, au kumfaa. Chukueni Guyana. Mafuta yaligunduliwa 2015, pipa la kwanza likatoka Desemba 2019, na kufikia mwisho wa 2024 kitalu kile cha mafuta kilikuwa kinatoa zaidi ya mapipa 600,000 kwa siku. ExxonMobil ndiye mwendeshaji na ana 45%. Katika miaka yenu kumi, mitano ya mwanzo karibu haina tone la Guyana. Pioneer nayo, kampuni ya Permian waliyoinunua, iliingia Mei 2024 tu. Kaka wa Baytown, 5.48 yako umeisafisha bei ya pipa vizuri, lakini hujaisafisha idadi na ubora wa mapipa. Dola 82 naona unabana mno.

DerevaWaTenka

Wa alaikum salaam. Hapo umenipiga pazuri. Ila Guyana kila mtu anaijua, hata muuza karanga. Ndiyo maana bei iko 108 na siyo 82. Na XTO mwaka 2010 nayo ilikuwa mapipa mapya.

NesiWaUsiku

Nimewapata nyote. Shemeji nimempigia picha karatasi nikamtumia, pamoja na safu ya pipa. Amejibu baada ya saa tatu: "Kwa hiyo bati bei gani siku hizi?"

Nitanunua chache kwa 108 za kunifanya niifuatilie, zilizobaki zinasubiri karibu na 90. Kaka, hiyo bei ya Brent ya kila mwaka wewe unaichukua ya wastani wa mwaka au ya siku ya mwisho ya Desemba? Maana nimeona zinatofautiana sana, hasa 2016.

DerevaWaTenka

Ya wastani. Faida wameipata mwaka mzima, si siku ya mwisho. Tenka imeitwa, nakuja.