Sampla ya mtindo wa kale kwa ajili ya bibi: muundo upi, kitambaa kipi?

BintiGangilonga (Iringa)
Kamwene nyote. Bibi yangu anafikisha miaka 80 na nataka kumdarizia sampla ya ukutani, yaani kitambaa cha kuonyeshea michoro na herufi za kudarizi, kwa mishono ya msalaba, mtindo wa zile za kale za Uingereza. Yeye ndiye aliyenishikisha sindano, enzi za vitambaa vya makochi. Niko njia panda kwa mambo mawili. Muundo: mistari ya mapambo inayoshuka kama ya miaka ya 1600, mraba wenye alfabeti, nyumba na pindo la maua, au maduara ya Waquaker (dhehebu la Kikristo) kama ya wasichana wa shule ya Ackworth kule Yorkshire? Kitambaa: Aida 14 (kile cha kudarizia chenye miraba na matundu), kitani cha nyuzi 28 kwa inchi, au amerikani tu?

MamaMwanjelwa (Mbeya)
Hongera binti. Mimi bila kusita nakuchagulia mistari. Zile sampla za mwanzo hazikuwa pambo la ukutani. Zilikuwa hazina ya michoro, zinaviringishwa na kuwekwa mpaka itakapohitajika kunakili ua au herufi. Ndiyo maana ni nyembamba na ndefu. Kila mstari unajitegemea, na muda ukikubana unafunga pale ulipofikia. Tena unaweza kumpangia bibi maisha yake humo: mstari wa migomba, wa milima, wa milia ya vikapu vya milulu, ambayo inageuka miraba bila shida.

Pale Victoria and Albert Museum, London, ipo sampla ya Jane Bostocke ya mwaka 1598, kongwe kuliko zote za Uingereza zinazojulikana kuwa na tarehe. Humo ameandika kuzaliwa kwa mtoto, Alice Lee, mwaka 1596. Kwa hiyo jina la bibi na mwaka wake wa kuzaliwa yana nafasi ya haki kabisa.

MwalimuTukuyu
Shikamoo Mama. Kwa heshima, mimi napinga. Kitu cha kutundikwa sebuleni kinataka mraba wenye pindo, jicho lipate pa kutulia. Herufi pia zinapangika vizuri. Waingereza wa zamani mara nyingi waliruka J na U, kazi zao zikabebwa na I na V. Sisi Kiswahili chetu hakidai Q wala X, zinabaki 24: safu tatu za nane nane, labda tu jina la ukoo lizihitaji.

Kazi iko kwenye pindo. Chora ua lako kwenye daftari la hesabu la miraba, uhesabu misalaba linayochukua kabla ya kujirudia. Likichukua 12, basi upana uwe 120, 132 au 144, ili ligawanyike bila baki na kona zikutane. Sampla nyingi za kale zina kona zisizokutana, msichana alishona mpaka nafasi ikaisha.

FundiUyole
Nijibu la kitambaa. Aida 14 ina miraba 14 kwa inchi, matundu yanaonekana hata jioni ya ukungu. Kitani cha nyuzi 28, ukiruka nyuzi mbili kila msalaba, kinatoa ukubwa uleule: misalaba 140 ni inchi 10, yaani sentimita 25.4, kote kuwili. Shona kwa nyuzi mbili kati ya sita zinazounda uzi wa kudarizi, sindano butu namba 24 au 26. Tofauti ni sura. Aida ina vimiraba vyake, mahali pasiposhonwa panaonekana pa kisasa. Kitani kinabaki tambarare, na ndicho walichotumia wenyewe.

Amerikani ipime kwanza. Hesabu nyuzi za inchi moja kwa urefu, kisha kwa upana. Zikipishana, duara la Kiquaker linakuwa yai. Kwa mistari haidhuru sana.

UziMufindi
Mmesahau rangi, nayo ndiyo inayobeba ukale. Watu hununua rangi zilizopauka wakidhani ndizo za asili. Kijani cha zamani kilipatikana kwa kutia buluu na njano pamoja. Njano ikafifia kwa mwanga, majani yakabaki ya bluu. Sampla ya kale ukiigeuza nyuma unakutana na rangi kali kweli. Mimi ningemshonea bibi zile za nyuma, aone kama msichana wa wakati ule alivyoona.

Tafadhali pia usichovye kitambaa kwenye chai ili kizeeke. Naipenda chai yetu kuliko chochote, lakini tindikali yake inaudhoofisha uzi polepole. Nunua kitani cha rangi ya maziwa. Na uzi mwekundu ulowanishe, uubane kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha alama, usiutumie.

BintiGangilonga
Asanteni sana. Naenda na mistari juu ya kitani, rangi kali, na jina la bibi chini. Alfabeti ya Mwalimu itakuwa mistari mitatu ya katikati. Nianzie juu au katikati?

MamaMwanjelwa (Mbeya)
Mistari unaanzia juu, mwanangu. Kunja kitani upate katikati ya upana tu, ushone uzi mwepesi wa alama toka juu hadi chini, na kila mstari uuanzie hapo kwenda pembeni. Acha sentimita 8 kila upande za kukunjia kwenye fremu. Chini acha zaidi, maana utapata wazo la mstari mwingine.

FundiUyole
Na kingo za kitani uzifunge kwa mkono kwanza, kinachanika nyuzi haraka.