Ile stendi fupi ya maiki ya Freddie Mercury inatengenezwaje?

Kijana wa Vuga: Asalaam aleikum wadau. Tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie hapa Unguja mwaka 1946, kikundi chetu kitapiga nyimbo 3 za Queen, bendi aliyoiimbia. Mwimbaji anataka ile stendi ya nusu. Fundi wa kuchomea anasema tukate nzima kwa msumeno. Ndivyo? Na lile koti lake la manjano la tamasha la hisani la Live Aid, tushone?

Mzee wa Mitambo: Waaleikum salaam. Msikate kitu! Ile ni bomba la juu tu, lililoachana na kitako. Inasimuliwa kwamba stendi ilimvunjikia Freddie jukwaani siku za mwanzo, hajajulikana bado, akaendelea kuimba na kipande kilichobaki mkononi.

Chukua stendi ya kawaida iliyonyooka, legeza kikazio cha katikati, vuta bomba jembamba hadi litoke. Utapata sentimita 70 hivi. Ncha ya chini huwa kali, itamchana kiganja na kula waya: piga tupa, kisha vika kizibo cha mpira kama cha mguu wa kiti. Waya ufungwe kwa tepu sehemu tatu, ila karibu na plagi acha kitanzi kilegee. Ukiukaza hapo, akizungusha bomba mara mbili tu plagi inachomoka na sauti imekufa. Chumvi ya pwani nayo haina huruma, kwa hiyo baada ya kazi pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Binti Shangani: Koti la manjano ni la ziara ya 1986. Live Aid, Wembley, 13 Julai 1985, alivaa fulana nyeupe isiyo mikono, jinzi na kikuku cha ngozi mkono wa juu. Rahisi zaidi, cherehani hamuihitaji. Na tafadhali, msimtie mwimbaji wenu meno ya bandia. Freddie alikuwa na meno manne ya ziada na hakutaka kuyang'oa, akichelea sauti yake. Ya plastiki yatamharibia "s" zote.

Mzee wa Mitambo: Nimesahau moja. Asikifumbe kichwa cha maiki kwa kiganja. Matundu ya nyuma yakiziba, maiki inakusanya sauti kila upande na spika zinapiga mluzi. Ashike bomba, na kwenye noti za juu aisogeze maiki mbali na mdomo.

Kijana wa Vuga: Ahsanteni. Msumeno nimeurudisha.