Nimelipia kitabu cha rangi, nimeletewa fotokopi nyeusi. Epo jekundu limefika Kigoma likiwa kama kaa la mkaa

Wakuu, nimekasirika. Anayetaka kuniambia "ni katuni tu hizo" apite kimya kimya.

Mimi ni fundi wa mabango. Naandika vibao vya maduka Mwanga na majina ya mitumbwi Kibirizi, na jioni nakaa na watoto watano sita wa mtaani tunachora. Mmoja ni binti wa dada yangu, kidato cha pili, ana mkono wa penseli ambao mimi katika umri ule sikuwa nao. Nilimwahidi kumnunulia The Giver, ile ya michoro.

Kwa wasioijua: Lois Lowry, Mmarekani, aliandika riwaya hiyo kwa ajili ya vijana mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikapewa Medali ya Newbery. Mwaka 2019 P. Craig Russell akaitoa kwa michoro. Ni habari za jamii ya kubuni iliyosawazishwa kila kitu: vilima vimeondolewa, theluji imeondolewa, ukifika miaka 12 wazee wanakupangia kazi, na watu hawaoni rangi. Wala hawajui kwamba hawazioni. Kijana Jonas anaanza kuona wekundu kwa kudokoa: kwanza kwenye epo wanalorushiana na rafiki yake, baadaye kwenye nywele za binti aitwaye Fiona.

Sasa, mwandishi wa maneno anaweza kukuficha. Lowry anakupeleka mbali sana kabla hujagundua kwamba watu wale wanaishi bila rangi. Mchoraji hana pa kuficha, picha iko mbele ya macho yako. Russell akachora sehemu kubwa kwa samawati hafifu ya penseli, halafu rangi inachomoza pale tu Jonas anapoiona. Kwa hiyo rangi pale si pambo, ndiyo hadithi yenyewe.

Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anayetangaza mtandaoni. Jina nalihifadhi kwa sasa. Tangazo lilikuwa na picha za kurasa za ndani zikiwa na rangi zake, ninazo kwenye simu. Nikatuma 45,000 pamoja na ya kutolea, nikalipia na mzigo wa basi. Kifurushi kikafika kimefungwa vizuri, jalada linang'aa.

Nikafungua ndani. Fotokopi! Nyeusi na nyeupe, mwanzo hadi mwisho, tena imepigwa gundi mgongoni ili ifanane na kitabu.

Na hapa ndipo kazi yangu inanipandisha hasira zaidi, maana najua kilichotokea. Samawati hafifu mashine ya kopi haiipendi. Wachoraji wa zamani walikuwa wakichora mistari ya kwanza kwa penseli ya rangi hiyo kwa makusudi, kwa sababu kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuiona, hivyo hawakuhitaji kufuta. Matokeo yake humu vivuli vyote vimekwenda na maji. Nyuso hazina mashavu, nyumba hazina kuta, kuna ukurasa mtoto mchanga amebaki macho na tundu za pua. Nyekundu nayo mashine inaifanya nyeusi. Epo limekuwa kaa la mkaa. Fiona wa watu sasa ana nywele nyeusi kama Mmanyema yeyote wa Ujiji!

Binti kasoma siku mbili, kaja na swali: "Mjomba, huyu mbona anaishangaa epo? Imefanya nini?"

Nilikosa la kumjibu. Nimsimulie mchoro kwa mdomo?

Nikampigia muuzaji. "Kaka, kwani stori si ipo yote? Maneno hata moja halijakatwa." Nikamwambia rangi ndiyo stori. Akacheka, akasema wateja wengine hawajalalamika. Nilipopiga mara ya pili simu haikupokelewa, na mpaka leo haipokelewi.

Tufanye hesabu basi. Steshenari ya hapa Mwanga kopi nyeusi ni 100. Kitabu hakifiki kurasa 200, yaani hata 20,000 haitimii, na mimi ningechagua karatasi nzuri. Acha kwamba kudurufu kazi ya mtu na kuiuza ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Angalau mwizi mwenye heshima angetoa kopi ya rangi.

Kuna mkuu ameshanifuata inboksi kuniambia nitafute pidiefu. Mkuu, nilitaka mtoto ashike karatasi, aone mkono wa mchoraji ulipokandamiza na ulipolegeza. Kwenye kioo cha simu kilichopasuka ataona nini? Na wewe uliyesema "watu wa mwisho wa reli mnapigwa sana": kweli tuko mwisho wa reli, lakini pesa yangu ilifika Dar kwa sekunde.

Nataka 45,000 yangu. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na muuzaji wa namna hii, aseme alipitia wapi, polisi au wapi. Na mwenye nakala halisi ya rangi, hata iliyotumika, hata imekunjwa pembe, anitajie bei.

Binti ameshaomba penseli nyekundu alipake lile epo mwenyewe. Nimemwambia asubiri kwanza, tupige picha kurasa zote za ushahidi.