Mdogo wangu anatoka rehabu Jumamosi, mtaa ni uleule

Dada wa Kaptembwo: Wapendwa, mdogo wangu wa miaka 22 amemaliza miezi 3 rehabu kwa sababu ya bangi na bugizi, vile vidonge vya usingizi. Mlango wetu unatazamana na pale wavuta bangi wanapokaa. Mama anataka tumfungie ndani. Aliyepitia haya anisaidie.

Makanga Mstaafu: Msimfungie, dada. Mzee wangu alinifungia, nikatokea dirisha la choo na kiatu kimoja.

Nina miaka 6 sijagusa. Zamani ilikuwa bangi alfajiri, muguka (majani ya kutafuna) mchana, bugizi usiku. Nilipotoka rehabu mara ya kwanza nilirudi stejini moja kwa moja. Siku 9 tu, nikaanguka! Wala si bangi niliyoitamani. Ilikuwa ile saa kumi na moja jioni, pesa ya siku iko mfukoni na mikono haina kazi.

Mara ya pili nilihamia kwa shangazi, Njoro. Laini ya simu nikaitupa. Pesa yangu ya mjengo ikawa inatumwa kwa M-Pesa ya shangazi. Nikitaka mia, naeleza ya nini. Aibu gani hiyo kwa mtu wa miaka 25! Na ile saa kumi na moja nikaipa kazi, nikawa nasambaza maziwa nyumba kwa nyumba mpaka giza liingie.

Usingizi ulinikimbia kama wiki mbili. Naota navuta, naamka nalia nikidhani nimeanguka tena. Mwambieni mapema kwamba ndoto hizo huja.

Muuguzi, Kisumu: Naongeza. Akiteleza, mwili hauna tena uzoefu wa kipimo cha zamani. Vidonge juu ya chang'aa vinaweza kumkata pumzi. Na akiwa amerudia bugizi kwa wiki kadhaa, msimwachishe ghafla nyumbani, anaweza kupata kifafa. Kupunguza kipimo polepole ni kazi ya daktari. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Dada wa Kaptembwo: Asanteni sana. Shangazi hatuna, ila mjomba analima viazi Molo. Mama yuko kwa simu naye sasa hivi, wanabishana kuhusu nauli.

Makanga Mstaafu: Molo ni baridi, dada. Mpeni jaketi nzito, na hela ya nauli apewe mjomba.